Mwaitu, Muthokoi Yako Ilifika

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nimekaa kwenye kigoda chako hapa mlangoni pa jiko, Nuu, na kuku wako wananizunguka wakidhani nina kitu mkononi. Tulirudi juzi. Mchungaji alituomba kila mmoja aliyesafiri aandike ushuhuda wa ukurasa mmoja, usomwe kanisani Jumapili. Nimeanza mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta nakuandikia wewe. Basi nimeacha kubishana na kalamu. Wakitaka wasome hii, na kila mtu asikie, kwa sababu hakuna hata mmoja katika kanisa lile ambaye hujawahi kumlisha.

Najua swali lako la kwanza. Hutaniuliza kama niliomba njiani au kama nilivaa sweta. Unataka kujua kama muthokoi ilifika, na kama niliiharibu. Ngoja kidogo. Wewe mwenyewe ulipenda kuzunguka kijiji kizima kabla ya kusema jambo, kwa hivyo leo utanivumilia.

Unakumbuka yule mgeni mrefu kutoka Uganda, msimamizi wa kambi ya watoto kule Kabale, aliyekuja kuhubiri kwetu mwaka juzi? Ulimpakulia muthokoi, akala. Ukamwongeza, akala. Mara ya tatu alikuja mwenyewe jikoni na sahani mkononi, akakuuliza haya mahindi mnayafanya nini mpaka yanakuwa laini hivi. Ukamweleza jinsi yanavyotwangwa kwenye kinu kwa maji kidogo mpaka maganda yatoke, yanaanikwa, yanapepetwa, na ndipo yanapikwa na mbaazi au maharagwe. Alipokwambia watoto wake wa kambi hawajawahi kuonja kitu kama hicho, ulifuta mikono kwenye leso ukasema, "Basi nitakuja kuwapikia." Sisi tulicheka. Wewe hukucheka.

Kikundi cha kwenda kuhudumu kambini kilipoanza kuandikwa, watu sita wa Nuu na wanne wa Kikima, jina lako lilikuwa la kwanza. Miaka sabini na moja, ukaenda Kitui mjini kuomba paspoti. Mpiga picha alipokuambia usitabasamu, ulinigeukia ukasema, "Maisha yangu yote naambiwa nicheke kwa picha. Leo serikali inataka ninune." Na ukanuna kweli. Picha ile inatisha, Mwaitu. Nikiitazama nacheka mpaka machozi.

Halafu ukaita wenzako wa mwethya. Sijui kama kuna kikundi cha kazi kingine hapa Kitui kilichofanya kazi kwa kelele kama chenu. Siku tatu vinu vitatu viligonga uani kwetu, mmoja anainua mchi mwingine anashusha, huku mnaimba na kumsengenya kila mtu aliyepita barabarani. Mkajaza gunia moja. Ulilifunga mwenyewe kwa kipande cha leso yako ya kijani, ukalipigapiga mgongoni, ukaniambia nisiliguse. Wiki mbili baadaye, mwezi wa pili, ulilala ukiwa umechoka kidogo na hukuamka.

Kwenye matanga kuna mtu aliuliza kwa nini gunia lile lisipikwe, waombolezaji ni wengi na chakula kipo. Mimi, ambaye sijawahi kupandisha sauti mbele ya wazee, nilisema halifunguliwi. Nilisema kwa namna ambayo hakuna aliyeuliza tena. Kila baada ya wiki mbili nililianika juani ili fukusi wasiingie, nikalifunga tena kwa leso ile ile. Nilijua ndiyo muthokoi ya mwisho ya mikono yako. Hakutakuwa na nyingine.

Kwa hivyo Mchungaji alipokuja kuniambia nichukue nafasi yako, nilimjibu kwamba naweza kwenda kuosha sufuria. Akasema, "Sufuria za kuosha hazikosi watu. Gunia ndilo halina mwenyewe." Mwaitu, nina miaka arobaini na tatu na sikuwahi hata siku moja kutia chumvi kwenye sufuria yako kubwa. Kila nikisogea na mwiko ulinifukuza. "Toka hapo Mwende, utaharibia watu chakula. Unakoroga kama mtu anafukuza kuku." Nilijifunza kupika muthokoi kwa kuchungulia dirishani, kama mwizi.

Na nilipokuwa nachungulia, nilijiuliza jambo moja tangu utotoni. Ulikuwa unapikia harusi, matanga, makongamano, watu mia mbili, mia tatu, wote wanarudi kwao wakikusifu. Wewe unafika nyumbani jioni na kitu cha kwanza unachouliza ni kama kuna ugali uliolala. Unaukata kwa kisu, unaula na chai, umekunja miguu hapa hapa kwenye kigoda. Siku moja nilikuuliza, "Kwani huko hukula?" Ukanijibu, "Nilishiba harufu." Nilidhani unatania. Nilipokuwa mkubwa kidogo nikadhani labda huipendi muthokoi yako mwenyewe.

Siku ya safari, basi tulilolikodi lilikuja kutuchukua sisi kwanza, kabla ya kuwapitia wenzetu wa Kikima. Abdi mwenye duka alifika mbio na pakiti ya iliki. Tulimwambia muthokoi haiwekwi iliki. Akasema, "Basi ni ya chai. Lakini semeni imetoka kwa jirani wa Mama Mwende." Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Ndinda, yule msichana wa Kikima anayeongoza kwaya, alinitania njia nzima kwamba nimelikumbatia gunia kuliko mtu anavyomkumbatia bwana harusi. Nilimwacha aseme. Lilikuwa kwenye kiti chako, Mwaitu. Hakuna aliyetaka kukikalia.

Mpakani nilitoa paspoti yangu, na yako ikatoka nayo, kwa maana nilikuwa nimezibeba pamoja ndani ya Biblia. Afisa akafungua yako, akakutana na ile sura yako ya kununa. "Huyu yuko wapi?" Nikamwambia, "Ni mama yangu. Alikuwa aje, hakuweza." Alinitazama, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. Halafu akaona gunia. Akauliza kama ni mbegu. Mzee Musyoka, yule shemasi wetu asiyeweza kunyamaza, akaruka: "Afande, hiyo imetwangwa na wamama wa Nuu. Hata ukiipanda umwagilie miaka mitano haioti." Yule afisa alitia mkono, akatazama punje zilivyokuwa nyeupe bila maganda, akacheka na kutuandikia tupite.

Sasa nikuambie aibu yetu. Tulifika Kabale siku ya pili jioni, milima kila upande, kijani mpaka macho yanauma, na baridi ya kukaza meno. Jikoni kwa kambi kuna mifereji minne ya bomba. Tulifungua mmoja, maji yakatoka kwa nguvu. Sisi sita wa Nuu tulitazamana tu, na kila mtu akajua la kufanya. Tulijaza mapipa. Tulijaza mitungi. Tulijaza mabeseni, birika, ndoo za kudekia, na sufuria zote, kubwa kwa ndogo, tukazifunika vizuri tukaenda kulala tukiwa na amani. Nani alitutuma? Hakuna. Mtu akikua akisubiri maji yajae kwenye shimo la mchangani hawezi kuona mfereji unatoka akaupita tu.

Asubuhi mpishi wa kambi alikuja kupika uji. Anaitwa Mama Peace, mwanamke mnene wa makamo, Kiswahili chake alijifunza kwa madereva wa malori. Alifunua sufuria ya kwanza, maji. Ya pili, maji. Alifunua zote, halafu akatoka nje, akasimama kwenye mvua, maana mvua ilikuwa inanyesha wakati huo huo, akatuita kwa kidole. "Nyinyi watu ya Kenya," akasema, "maji hapa haiishi. Hata mukikunywa yote, itakuja ingine." Watu wa Kikima, ambao kwao kuna chemchemi, walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini kumwaga, Mwaitu, hatukuweza. Musyoka alisimama mlangoni akasema maji haya hayamwagwi. Mwishowe tulioshea watoto wote wa kambi nguo zao, tukadeki ukumbi mara mbili, ndipo sufuria zikapatikana. Uji ulichelewa. Mama Peace hakunisemesha mpaka mchana.

Siku zile tano zilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi. Watoto zaidi ya mia, wengi wametoka kwenye nyumba ambazo hazina mtu wa kuwaimbia, wanaamka wakiwa wameshaanza kuimba. Wenzangu walifundisha Biblia na michezo, Ndinda aliwafundisha wimbo wa Kikamba na wao wakatufundisha kusalimu kwao. "Agandi?" Unajibu, "Ni marungi." Musyoka kila mara alijibu kwa Kikamba "Nĩ kũseo" na watoto wakamzomea kwa mapenzi. Mimi nilimenya ndizi za matoke mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilicheka zaidi ya nilivyocheka tangu mwezi wa pili. Mara ya kwanza nilipojisikia nikicheka nilishtuka kidogo, kisha nikaendelea.

Siku ya mwisho ilikuwa yako. Msimamizi aliwatangazia watoto kwamba chakula cha mchana kitatoka Kitui, kwamba kuna mama aliwaahidi na ametimiza. Hapo nilitamani kurudi nyumbani kwa miguu.

Nilikuwa nimejiandaa. Niliiloweka muthokoi pamoja na maharagwe. Nilipasua kuni jana yake mchana, mikaratusi mizuri, nikazitandaza uwanjani zipigwe na jua na hewa, kama tunavyofanya hapa, nikaziacha. Musyoka mwenyewe alisifu nilivyozipanga. Mvua ilinyesha kabla hakujapambazuka. Ni nani duniani anayeacha kuni nje Kabale? Ni mtu wa Nuu tu. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mafiga, kuni zinatoa povu na moshi, na sufuria mbili za muthokoi yako zikiwa baridi tu. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Saa nne maji yalikuwa yanachemka kivivu. Nilitoa punje moja nikaibana kwa vidole, kama ulivyokuwa ukipima, si kwa meno. Ngumu. Saa nne na nusu, ngumu. Watoto wanakula saa saba.

Ndinda akasema tuongeze maji, yamepungua, akachukua jagi kwenye mfereji. Nilimshika mkono. Sikujua kama najua, Mwaitu, lakini nilikuona kupitia lile dirisha, ukiwa umembwatukia mtu: muthokoi inaongezwa maji ya moto, ukitia baridi umeirudisha shambani. Nikamwambia Ndinda hivyo hivyo, kwa sauti yako. Aliweka jagi chini.

Lakini moto haukuwepo, na moto hauji kwa kukumbuka. Nilikaa kwenye jiwe nikalia. Sikulia kwa sababu ya watoto. Wao wangepewa matoke wakashiba. Nililia kwa sababu gunia lilikuwa tupu, lote liko ndani ya zile sufuria, na kama halikuiva leo basi kazi yako ya mwisho ingemwagiwa nguruwe kwa sababu mtoto wako hajui kuhifadhi kuni.

Mama Peace alinikuta pale. Alitazama kuni, akatazama uso wangu, akauliza, "Hii ulitoa wapi?" Nikamwonyesha uwanjani. Nilidhani atanicheka, na ningestahili. Alivuta kiti, akapanda juu, akaanza kushusha kuni kutoka kwenye dari ya vijiti iliyo juu ya mafiga, ambayo siku zote tano nilidhani ni paa tu. Zilikuwa kavu, nyeusi kwa moshi, nyepesi mkononi. Alishusha na kushusha.

"Hii nimeweka ya siku mbaya," akasema. "Nyinyi munaficha maji. Mimi naficha kuni."

Tulicheka wote wawili, mimi bado nikiwa na makamasi. Kwa kuni zile moto uliwaka mara moja. Wenzetu waliposikia walikuja wote, huyu anachochea, yule anachemsha maji ya kuongeza, wa Kikima wanakata vitunguu, na bila mtu kupanga tukaanza kuimba zile nyimbo zenu za kutwanga. Nilifunika sufuria kwa gunia lenyewe, lililolowa, ili mvuke usitoke. Saa sita punje ilipondeka kati ya vidole vyangu. Nikatia chumvi kwa kiganja. Sikuonja, ulisema mpishi akionjaonja anashiba kabla ya wageni. Nilimpa Ndinda mwiko. Alionja, akaonja tena, nikamnyang'anya.

Tulipakua saa saba kasoro. Mwanzo watoto walitazama sahani kwa mashaka, msichana mmoja akauliza kwa adabu kama nyama inakuja baadaye. Halafu kukawa kimya. Unaujua ule ukimya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia kwa chakula cha mkono wangu mwenyewe. Halafu wakaanza kurudi na sahani, mmoja, kumi, foleni ikafika mlangoni. Nilipakua mpaka sufuria ya kwanza ikaisha, nikaingia ya pili. Msimamizi alirudi mara tatu, kama zamani, na mara ya tatu alinishika bega.

Nilikuwa nimejitengea sahani moja, Mwaitu. Nakuungamia mbele ya kanisa. Niliifunika kwa kifuniko na kuiweka nyuma ya mafiga, kwa sababu nilitaka kukaa peke yangu na kuila polepole, mkono wako wa mwisho, nikuage vizuri. Nilikuwa nimeipangia tangu nikiwa kwenye basi.

Sufuria zilipobaki zinang'aa, foleni ikatawanyika, na akabaki kijana mdogo mmoja aliyechelewa kwa sababu alikuwa anamsaidia mwenzake aliyeumia mguu. Alikuwa ameshika sahani mbili. Hakuomba. Alitazama ndani ya sufuria tu.

Nikakumbuka mchangani. Nilikuwa na miaka sita au saba, tumechimba shimo kwenye mto mkavu, maji yanajaa kidogo kidogo, na mimi nina kiu. Nilichota kikombe, nikachota cha pili, na nilipotaka cha tatu ulinishika mkono. Hukunigombeza. Ulisema, "Acha. Kuna mwenzako nyuma." Nikageuka, na kweli kulikuwa na mwanamke anashuka ukingoni na mtungi wake, bado yuko mbali.

Nikaenda nyuma ya mafiga, nikachukua sahani yangu, nikaigawa kwa mbili. Yule kijana alisema, "Webare," ndiyo asante yao, akaondoka akitembea taratibu asimwage.

Jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa kwa maji mengi ya kutupa, Ndinda alinikuta nimekaa mlangoni na Mama Peace tukila matoke yaliyolala, baridi, na chai yenye iliki ya Abdi. Akaniuliza, "Lakini dada Mwende, wewe muthokoi ulikula saa ngapi?"

Nikamwambia, "Nilishiba harufu." Maneno yalitoka yenyewe. Ndinda akacheka, akadhani natania.

Kwa hivyo hayo ndiyo majibu yako. Ilifika. Sikuiharibu. Kama ilikuwa tamu kama ile uliyokuwa ukipika siku zote sijui, na sitajua, na nimegundua kwamba hata wewe, miaka yote ile, kwa karamu zote zile, hukuwa unajua. Nilikuhurumia bure, Mwaitu. Kumbe ulikuwa unarudi nyumbani ukiwa na furaha namna hii.

Gunia nimelifua, linakauka pale kwenye ua. Kabale wameomba twende tena mwakani, na wenzako wa mwethya wamesema mahindi yakikauka wanakuja na michi yao. Jana Ndinda, ambaye bado hajarudi kwao Kikima, alipita hapa, nikawa nachemsha maharagwe, akasogea akashika mwiko. Nilimwambia atoke, ataharibia watu chakula. Alisogea mpaka dirishani, akabaki pale akichungulia. Sikumfukuza.

Kuku wamenichoka, wamekwenda. Ndani kuna ugali wa jana, nimeweka chai motoni. Endelea kupumzika, Mwaitu. Watu wameshiba.

Binti yako uliyemfukuza jikoni,
Mwende